Kufundisha Kuchora Mandhari Nje ya Darasa kwa Rangi za Maji

Wahenga walisema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Methali hiyo ina mahali pake, lakini katika somo la sanaa hatuna budi kuipinga kidogo. Mtoto wa Darasa la Tano ana macho mazima, naye ameuona mlima wa kwao tangu azaliwe. Hata hivyo, mpe karatasi umwambie auchore, naye atakuchorea pembetatu mbili, jua likichomoza katikati yake, nyumba yenye mlango mmoja na madirisha mawili, na ndege mfano wa herufi V. Mandhari hiyo hakuiona popote ila ubaoni na katika daftari la kaka yake. Basi mwenye macho huhitaji kuambiwa tazama, na mwenye wajibu wa kumwambia ni mwalimu.

Katika mazoezi ya kufundisha tuliyopata kuyasimamia, tulihudhuria somo la sanaa katika shule moja iliyo kwenye uwanda wa kaskazini ya Milima ya Uluguru. Mwalimu mwanafunzi alikuwa amejiandaa vyema: andalio la somo lilikamilika, vifaa vilitosha, na wanafunzi waliketi kwa utaratibu chini ya mwembe wakiikabili milima. Mtoto mmoja wa kike aliipaka milima rangi ya buluu iliyofifia. Mwalimu akamwuliza kwa upole, "Milimani kuna nini?" Akajibu, "Kuna miti, Mwalimu." "Na miti ina rangi gani?" "Kijani, Mwalimu." "Haya, rekebisha." Mtoto akapaka kijani juu ya buluu ambayo haijakauka, karatasi ikachubuka. Kabla kipindi hakijakwisha, wote waliokuwa karibu naye walikuwa na milima ya kijani. Nasi tuliokuwa na fomu ya tathmini mkononi tuliandika kwamba somo lilikwenda vizuri, wala hatukusema neno. Tulipoinua macho wakati wa kuondoka, milima ilikuwa ya buluu.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwanachuo aepuke kosa hilo, ambalo lilikuwa la mwalimu yule na letu pia. Tutaeleza kwanza sababu ya mtoto yule kuwa sahihi, kisha vifaa, hatua za somo, na namna ya kuitathmini kazi.

1. Macho na maarifa

Kati ya mtazamaji na mlima wa mbali ipo hewa nyingi. Mwanga wa jua upitapo hewani, sehemu yake ya buluu hutawanywa zaidi kuliko sehemu nyekundu, na buluu hiyo hutanda mbele ya mlima kama pazia jepesi. Kadiri umbali unavyozidi ndivyo pazia linavyozidi kuwa nzito: rangi ya kitu hufifia, tofauti ya mwanga na kivuli hupungua, na kingo hupoteza ukali wake. Leonardo da Vinci, mchoraji wa Italia aliyeishi kati ya mwaka 1452 na 1519, aliliandika jambo hili katika madaftari yake na kuwashauri wachoraji wazidishe buluu katika vitu vilivyo mbali. Mtoto wetu hakusoma madaftari hayo. Aliyafikia mafundisho yale yale kwa kutazama.

Yafaa tutofautishe, basi, rangi tunayoijua na rangi tunayoiona. Tunajua kwamba msitu ni wa kijani; tunaona kwamba, kutoka hapa tulipo na kwa saa hii, ni wa buluu. Kuchora nje ya darasa ni zoezi la kuandika kile kinachoonekana. Manufaa yake hayakomei katika sanaa. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza "Naona nini hasa?" ndiye atakayepima mvua kwa uaminifu katika Jiografia, na ndiye atakayeandika matokeo ya jaribio la Sayansi kama yalivyotokea, si kama kitabu kilivyotabiri. Kinyume chake, mtoto anayeambiwa mara kwa mara kwamba macho yake yamekosea, hali hayakukosea, hujifunza kungoja jibu la mwalimu.

2. Vifaa

Tumechagua rangi za maji kwa sababu mbili. Kwanza, ni nyepesi kubeba na hukauka upesi. Pili, zina tabia ya kumlazimisha mchoraji atazame kabla ya kutenda. Rangi hizi huangaza: mwanga hupenya, hufika kwenye karatasi na kurudi. Kwa hiyo weupe wa picha ni karatasi yenyewe iliyoachwa bila kupakwa, na kosa la rangi nzito halifunikwi kwa rangi nyepesi.

Vifaa vya kundi la wanafunzi watano ni hivi:

(a) Karatasi ya manila nyeupe iliyokatwa vipande vya sentimeta 15 kwa 20. Karatasi ya daftari haifai, maana hujikunja na kuchubuka ikilowa.

(b) Rangi tatu: nyekundu, manjano na buluu. Mwanafunzi achanganye nyingine mwenyewe. Kijani kinachotoka kwa buluu na manjano hukolea mno. Tone la nyekundu hukituliza na kukifanya kifanane na majani ya kweli.

(c) Brashi moja nene na moja nyembamba, makopo mawili ya maji (moja la kuoshea brashi, jingine la maji safi), na kitambaa kikuukuu cha pamba.

(d) Kipande cha boksi gumu cha kuwekea karatasi, pamoja na vibanio vya nguo vya kuishikilia.

(e) Dirisha la kutazamia: kipande cha boksi kilichotobolewa tundu la sentimeta 6 kwa 8. Uwiano wa tundu hili ni sawa na ule wa karatasi yetu.

Shule isiyo na rangi za dukani isikate tamaa. Udongo mwekundu uliochekechwa kwa kitambaa na kusagwa laini juu ya jiwe, unga wa mkaa, na buluu ya kufulia nguo vyote hutoa rangi. Kinachohitajika ni kitu cha kuishikamanisha na karatasi. Gundi ya mgunga iliyolowekwa usiku kucha huweza kufanya kazi hiyo. Mchanganyiko hujazwa katika visoda na kuachwa ukauke, kisha huloweshwa kwa brashi wakati wa kutumiwa. Manjano ya jikoni hutoa rangi ya kupendeza, lakini mwalimu ajue kwamba hufifia upesi ikikaa juani. Jaribu kila mchanganyiko kabla ya kuupeleka darasani.

3. Hatua za somo

Somo hili lahitaji vipindi viwili mfululizo, yaani dakika 80, asubuhi mapema au jioni. Wakati huo jua huwa upande na vivuli huwa virefu. Adhuhuri vivuli hujificha chini ya vitu na mandhari huonekana bapa. Wanafunzi waketi kivulini, maana karatasi nyeupe iliyo juani huumiza macho na humdanganya mchoraji juu ya ukolevu wa rangi.

Hatua ya kwanza: Kutazama (dakika 15). Penseli zikae chini. Kila mwanafunzi atazame kupitia dirisha la boksi, akilisogeza mpaka apate sehemu moja inayompendeza. Kisha mwalimu aulize maswali ambayo jibu lake haliko kichwani bali liko mbele yao: Mstari wa upeo wa macho uko juu au chini katika dirisha lako? Fumba macho nusu. Ni kitu gani kimekolea giza kuliko vyote? Kipi kinang'aa kuliko vyote? Kijani cha mwembe huu kinafanana na kijani cha miti ile ya mbali? Mwalimu asiyajibu maswali haya yeye mwenyewe. Wanafunzi wakitofautiana, watazame tena.

Hatua ya pili: Mistari (dakika 5). Kwa penseli isiyokandamizwa, wachore mstari wa upeo, ukingo wa milima, na umbo moja au mawili ya karibu. Mistari michache yatosha. Wasichore majani ya mti mmoja mmoja. Hapa pia waamue vivuli vinaelekea wapi, na wasibadili tena. Jua huonekana kusogea nyuzi 15 kwa saa. Katika muda wa somo letu litasogea nyuzi 20, na anayevifukuza vivuli hatamaliza picha.

Hatua ya tatu: Anga (dakika 10). Boksi liinamishwe kidogo. Brashi nene ijazwe rangi nyepesi kama chai iliyozidi maji, ipitishwe kutoka kushoto kwenda kulia, kuanzia juu, na kila mstari uuguse ule uliotangulia kabla haujakauka. Mawingu yaachwe karatasi tupu. Wanafunzi waelezwe kwamba rangi ikikauka huwa nyepesi kuliko ilivyoonekana mbichi.

Hatua ya nne: Kungoja (dakika 5). Hatua hii hudharauliwa, na ndiyo inayoharibu picha nyingi. Mwanafunzi aiguse karatasi kwa upande wa nyuma wa kidole; ikiwa bado ina ubaridi, haijakauka. Akingoja, ajaribu kwenye kipande kingine rangi atakayoitumia kwa milima, akiinue na kukilinganisha na milima yenyewe. Laiti mtoto tuliyemtaja angaliambiwa ainue kipande chake hivyo, mwalimu wake naye angaliona.

Hatua ya tano: Mbali, kati na karibu (dakika 30). Kazi ifuate mpangilio huu. Vilivyo mbali vipakwe kwanza kwa rangi nyepesi na baridi. Vya kati vifuate kwa rangi iliyokolea kiasi, yenye uzito wa maziwa. Vya karibu viwe vya mwisho, kwa rangi nzito kama uji mwepesi, na hapo ndipo wekundu wa udongo na giza la shina la mwembe huingia. Kila sehemu ikauke kabla ya ile inayofuata, isipokuwa pale ambapo mwanafunzi anataka rangi mbili ziungane, kama katika ukungu wa bondeni.

Hatua ya sita: Kumaliza (dakika 15). Brashi zioshwe na kulazwa, kamwe zisisimamishwe kwa manyoya katika kopo. Nyuma ya picha kila mwanafunzi aandike tarehe, saa na hali ya hewa. Desturi hii ni ya heshima. Mwingereza John Constable, alipokuwa akichora mawingu nje huko Hampstead mwaka 1821 na 1822, aliandika nyuma ya nyingi za picha zake siku, saa na upepo ulikotoka. Yeye alitumia rangi za mafuta, lakini nia ilikuwa ile ile: picha iwe ushahidi wa kitu kilichoonwa.

4. Kuitathmini kazi

Mwalimu asizikusanye picha na kuzisahihishia ofisini, kwani huko mandhari haipo na hana cha kulinganisha nacho. Azipange chini, pale pale walipoketi, na darasa zima lijadili maswali matatu: Je, vya mbali vinaonekana kuwa mbali? Je, mwanga unatoka upande mmoja? Je, kuna jambo katika picha hii ambalo sisi wengine hatukuliona mpaka mwenzetu alipolichora? Swali la tatu ndilo kubwa. Mtoto aliyeupaka mlima zambarau aulizwe, "Umeiona wapi rangi hiyo?" Akiweza kuonyesha kwa kidole, yuko sahihi, hata kama mwalimu hakuitegemea. Asipoweza, atazame tena. Hiyo si adhabu, ndilo somo lenyewe.

Picha iliyochafuka isidharauliwe. Rangi iliyogeuka tope kwa kawaida huonyesha kwamba mwanafunzi hakungoja au hakubadili maji ya kuoshea. Hilo ni kosa la mkono, nalo hurekebishwa kwa mazoezi. Kuchora mlima wa ubaoni hali mlima wa kweli uko mbele ni kosa la namna nyingine, na mara nyingi chanzo chake ni sisi walimu.

5. Majumuisho

Tunamshauri kila mwanachuo, kabla hajalifundisha somo hili, achore yeye mwenyewe mandhari moja mara nne: asubuhi, adhuhuri, jioni, na siku ya mawingu. Anayefanya hivyo mkabala na Uluguru, ambayo kilele chake cha Lupanga, chenye zaidi ya mita 2,100, kinauinukia mji wa Morogoro, atapata milima minne tofauti. Atajua pia, kwa kuharibu karatasi zake mwenyewe, ni wapi wanafunzi watakapokwama. Baada ya hapo hatahitaji kuchora kielelezo ubaoni, na tunamwomba asikichore.

Fomu ile ya tathmini tuliyoijaza ilikwisha pelekwa, wala hatuna njia ya kuibadili. Tangu siku hiyo, tunaposimamia somo la nje, tumejiwekea kanuni moja ambayo tunaipendekeza kwa wenzetu na kwa kila mwalimu mpya: kabla ya kumwambia mtoto kwamba amekosea, inama mpaka kichwa chako kiwe sawa na chake, utazame kule anakotazama.