Kuongoza wavuvi wa trauti: maswali yenu

Swali: Nimezaliwa Rungwe na mto Kiwira naujua kuliko mgeni yeyote. Leseni ya nini?
Jibu: Ni sheria. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inataka mwongoza watalii awe na leseni, na imeitenga kazi hiyo kwa Watanzania. Usipoikata, unaitupa nafasi uliyowekewa.

Swali: Kuna dawa ya kupaka nzi bandia ili trauti avutike?
Jibu: Huihitaji. Trauti humfuata nzi bandia kwa macho. Anayekuuzia anakula pesa yako.

Swali: Utupa ni mmea wa asili. Ubaya wake uko wapi?
Jibu: Asili si kinga ya sumu. Majani ya utupa yakipondwa na kutiwa mtoni hutoa rotenoni, ambayo hupenya kwenye matamvua na kuzuia seli zisitumie oksijeni. Samaki hufa kwa kukosa pumzi ndani ya maji yenye hewa tele. Wewe unaokota wakubwa wachache. Makinda yaliyokufa huyaoni. Wadudu wa majini nao hawasalimiki. Geuza jiwe katika kijito kizima cha Mufindi: vidudu bapa vimeling'ang'ania, na vingine vimejijengea vijumba vya chembe za mchanga. Hicho ndicho chakula cha trauti, na nzi tunayemfunga kwa uzi na unyoya huigiza wadudu hao. Palipotiwa utupa, jiwe hutoka tupu. Mgeni wako amrushie nani mshipi hapo? Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imekataza kuvua kwa sumu. Mwongozaji anayemjua mtia utupa akanyamaza anaiua kazi yake mwenyewe.

Swali: Vinyungu vyetu, bustani za mabondeni, vinamdhuru vipi trauti?
Jibu: Trauti aliletwa na wakoloni, na bila maji baridi haishi. Joto likizidi nyuzi 20 anataabika. Likikaribia 25 anakufa. Mkilima hadi ukingoni, kivuli kinatoweka na tope linafunika kokoto anamotaga. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imetenga mita 60 kutoka kingo za mto. Nendeni mkapime.

Swali: Mgeni aking'ang'ania kuvua karibu na Kijungu, lile shimo la mto Kiwira?
Jibu: Mkatalie. Maji yale huzunguka na kuvuta chini.

Swali: Sina fimbo wala mshipi. Nianzie wapi?
Jibu: Jiunge na jumuiya ya watumia maji ya mto wako, uyalinde maji kwanza. Fimbo utanunua baadaye.