Mshono Mbovu Haufichwi kwa Rangi: Kukagua, Kuondoa na Kurekebisha Uchomeleaji wa Vyuma

Katika somo la robo hii tunazungumzia jambo ambalo kamati nyingi za parokia humwachia fundi peke yake, nalo ni ubora wa uchomeleaji wa vyuma. Stendi ya tenki la maji, kenchi za paa la ukumbi, geti la shule na ngazi ya zahanati vyote vinategemea mishono. Si lazima mjumbe wa kamati ajue kuchomelea. Lakini anaweza kujifunza kuutambua mshono mbovu, na kujua unavyopaswa kurekebishwa.

Tulivyojifunza kwenye stendi moja

Parokia moja tunayofanya nayo kazi ilijenga stendi ya chuma kwa ajili ya tenki la lita 5,000 la zahanati. Kazi ilikamilika, stendi ikapakwa rangi ya buluu, na tarehe ya ibada ya shukrani ikatangazwa. Tenki lilipojazwa kwa majaribio, mzee mmoja wa kamati ya maji alituita. Kwenye kiungio cha mguu mmoja rangi ilikuwa imepasuka mstari mwembamba kama unywele.

Tenki lilimwagwa na rangi ikakwanguliwa. Chini yake kulikuwa na ufa. Tulipokwangua viungio vingine, tukakuta kadhaa vina matundu, na vingine mshono umekaa juu ya chuma bila kushikana nacho.

Fundi alipendekeza apitishe mshono mwingine juu ya ule wa zamani, kisha apake rangi upya. Ingekuwa kazi ya nusu siku. Wajumbe wengi walikubali, kwa kuwa wageni walikuwa wamekwisha kualikwa. Tunakiri kwamba hata sisi tulishawishika, maana ripoti ya wafadhili tulikuwa tumeshaiandika. Mzee yule akauliza swali moja tu: "Maji ya lita 5,000 yana uzito gani?" Lita moja ya maji ni kilo moja. Jibu lilikuwa tani tano, juu ya vichwa vya kina mama wanaopanga foleni na ndoo. Ibada ikaahirishwa.

Kwa nini kuongeza mshono juu hakutoshi

Mshono wa juu hauondoi ufa wala uchafu ulioko chini. Unaufunika tu. Mzigo unapopanda na kushuka, tenki likijaa na kupungua kila siku, ufa ule huendelea kukua taratibu mpaka siku chuma kinapoachia.

Dunia imewahi kujifunza hili kwa gharama kubwa. Tarehe 27 Machi 1980, katika Bahari ya Kaskazini, jukwaa la malazi ya wafanyakazi wa mafuta liitwalo Alexander L. Kielland lilipinduka. Watu 123 kati ya 212 waliokuwamo walifariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba ufa ulianzia kwenye mshono mdogo wa milimita 6, ulioshikilia kifaa kidogo tu kwenye chuma kimoja cha kuunganisha miguu. Ndani ya ufa zilikutwa alama za rangi. Maana yake ni kwamba ufa ulikuwapo tangu kiwandani, kabla rangi haijapakwa, na hakuna aliyeuona.

Jinsi ya kutambua mshono mbovu

Kagua mchana, kabla ya rangi, baada ya fundi kugonga ganda la slagi na kusugua kwa brashi ya waya. Angalia dalili hizi:

• Ufa. Hata ukiwa mfupi, ni kasoro ya hatari kuliko zote.
• Matundu kama ya mkate. Mara nyingi husababishwa na rodi yenye unyevu, au kutu, mafuta na rangi ambavyo havikusafishwa.
• Mshono uliovimba kama tone la nta. Umekaa juu ya chuma bila kuyeyuka pamoja nacho. Mara nyingi moto ulikuwa mdogo.
• Mfereji kando ya mshono. Moto ulikuwa mkali mno au mkono ulikwenda haraka, na chuma kikaliwa kikawa chembamba.
• Slagi iliyonaswa ndani. Fundi alipitisha mshono wa pili bila kusafisha wa kwanza.
• Sehemu iliyorukwa. Mara nyingi ni upande wa nyuma, usioonekana kirahisi.

Pale penye shaka, ipo dawa ya kupulizia ya rangi nyekundu inayopenya ndani ya ufa. Ukiifuta vizuri na kupulizia ile nyeupe, ufa hujichora wenyewe. Dawa hizi zinashika moto, hivyo futa na acha pakauke kabisa kabla ya grainda au kuchomelea.

Si kila kasoro hukatwa

Matone ya chuma yaliyorukia pembeni yatolewe kwa patasi au tupa. Mshono mzuri uliokuwa mwembamba mno unaweza kuongezwa baada ya kusafishwa, na mfereji mdogo unaweza kujazwa. Lakini ufa, matundu mengi, slagi iliyonaswa na mshono usioshikana lazima viondolewe mpaka kwenye chuma kizima.

Hatua za kuondoa na kurekebisha

1. Ondoa mzigo. Mwaga maji, shusha tenki, na egemeza chuma kwa nguzo za muda. Usikate kiungio ambacho bado kimebeba uzito.

2. Weka alama. Kwangua rangi na kutu, kisha zungushia kila kasoro kwa chaki. Andika idadi kwenye daftari la kamati.

3. Tafuta mwisho wa ufa. Ufa huwa mrefu kuliko unavyoonekana. Mafundi wengi hutoboa tundu dogo kwenye kila ncha ili usiendelee kukimbia wakati wa kazi.

4. Saga mshono mbovu kwa grainda. Endelea mpaka kasoro iishe na chuma king'ae bila doa. Acha mfereji wenye umbo la V, mpana juu na mwembamba chini, ili rodi ifike mpaka ndani. Usikile chuma chenyewe kikawa chembamba.

5. Kagua tena kabla ya kuchomelea. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi. Kama mstari wa ufa bado upo, rudi kwenye grainda.

6. Chomelea upya. Tumia rodi kavu, na rekebisha moto kulingana na unene wa rodi na wa chuma. Rodi ya E6013 ya milimita 3.2 kwa kawaida huhitaji takriban ampea 90 hadi 130. Rodi ya E7018 hutoa mshono usiopasuka kirahisi, lakini lazima iwe kavu kabisa, na si kila mashine huichoma vizuri. Gonga na usugue slagi kila baada ya mshono.

7. Acha kipoe chenyewe. Usimwagie maji. Kupoza ghafla kunaweza kukifanya chuma kiwe kigumu na kupasuka.

8. Kagua, kisha paka rangi. Anza na redoksaidi, halafu rangi ya juu.

Kiungio ambacho kimeshakatwa na kuchomelewa mara kwa mara, au chuma kilichopinda au kuliwa na kutu, ni afadhali kipande kizima kibadilishwe. Kama kasoro ni nyingi kwenye kitu kinachobeba watu au mzigo mzito, mwiteni mhandisi aliyesajiliwa kabla ya kuendelea.

Usalama kwanza

Fundi avae kofia ya kuchomelea, glavu, viatu vya kufunika na miwani wakati wa kusaga. Watoto wasisogee kutazama mwanga. Macho huanza kuuma saa kadhaa baadaye, kama yenye mchanga ndani. Usichomelee pipa lililowahi kuwa na mafuta, hata kama linaonekana tupu, kwani linaweza kulipuka. Bomba lenye zinki lisagwe zinki yake kwanza, kwa kinga ya pua, maana moshi wake huleta homa.

Kwa kamati na kwa wafadhili

Fundi mbovu si chanzo pekee cha mshono mbovu. Mara nyingi sisi wenyewe tumemharakisha, tumepunguza bei, au tumekosa mtu wa kukagua. Tunashauri yafuatayo:

• Mkataba useme wazi: hakuna rangi kabla ya ukaguzi.
• Sehemu ya malipo ibaki mpaka ukaguzi ukamilike, na iandikwe nani atalipia marekebisho.
• Kabla ya kumpa kazi, fundi achomelee vipande viwili vya chuma chakavu kwa umbo la T, kisha vivunjwe kwa nyundo mbele ya kamati. Mshono ukifunguka na kuonyesha matundu au chuma kisichoyeyuka, mmejua mapema.
• Mwalimu wa uchomeleaji kutoka chuo cha VETA kilicho karibu aombwe kukagua. Gharama hiyo iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo.
• Wafadhili wasiulize tu "Kazi imekwisha lini?" Waulize pia "Nani aliikagua?"

Kwa upande wetu, tuliichana ile ripoti tukaandika nyingine, tukieleza kasoro, gharama iliyoongezeka na sababu ya kuchelewa. Wafadhili walijibu kwa kuuliza maswali, si kwa kukata msaada. Fundi yule yule ndiye aliyesaga na kuchomelea upya, safari hii akisimamiwa, na kila kiungio kilisainiwa kwenye daftari na wajumbe wawili. Siku ya ibada, mzee wa kamati ya maji ndiye aliyefungua bomba la kwanza.

Maswali ya majadiliano

1. Ni vitu gani vya chuma katika parokia yetu vinabeba watu au mzigo mzito? Vilikaguliwa na nani, lini?
2. Je, tumewahi kupokea kazi iliyokwisha kupakwa rangi bila kuona mishono?
3. Tukigundua kasoro wiki moja kabla ya uzinduzi, nani katika kamati yetu ana uwezo wa kusema "Tusubiri"?