Wanainamisha macho mbele ya mgeni

SWALI: Nafundisha Kidato cha Tatu. Wanafunzi wangu huandika vizuri, lakini akija mgeni kuzungumzia kazi, wanainamisha macho na kunong'ona. Niwafundisheje mawasiliano ya kazini? – Mwalimu, Nyamira

JIBU: Mwalimu, usianze na "jiamini". Mtoto aliyelelewa kwa chinsoni, ile staha ya Abagusii baina ya vizazi, huenda haogopi, anaheshimu. Mweleze kwamba kazini heshima ina sura nyingine: unamtazama msimamizi, unajibu kwa sauti ya kusikika, na usipoelewa unauliza.

Kisha waigize wanachokijua: kituo cha kununulia majani chai. Mmoja awe karani wa mizani, mwingine mkulima ambaye risiti yake inaonyesha kilo 12 ilhali mizani ilisoma 14. Mkulima aeleze hitilafu bila kumwita karani mwizi. Karani arudie alichosikia kabla ya kujitetea. Kwenye kurudia ndipo wengi hukwama, hata sisi walimu mikutanoni. Wabadilishane nafasi, waigize tena kwa Kiingereza na Ekegusii. Kwa shule za upande wa Kisii, mchongaji wa mawe ya sabuni wa Tabaka na mnunuzi mwenye haraka watafaa vilevile.

Mwishowe waandike barua rasmi kuhusu malalamiko hayo. Katika KCSE, swali la kwanza la Insha ni la lazima na hutoka katika uandishi wa aina hiyo, kwa hiyo mwalimu mkuu hatakuuliza mbona mnacheza.