Kulinda Siri ya Mgonjwa Ndani ya Kompyuta

Siri ya mgonjwa haitoki kwa kinywa cha mhudumu pekee. Yaweza pia kutoka kimyakimya kupitia kompyuta. Mnamo Machi 18, 2021, faili lililoambatishwa kwenye barua pepe ya ulaghai lilifunguliwa katika kompyuta ya huduma za afya za Ireland. Wavamizi walijificha mtandaoni kwa wiki nane na kunakili taarifa za wagonjwa. Mei 14 walifunga mifumo na kudai fidia.

Ukuta-moto ni programu inayolinda mlango wa kompyuta, ikiamua kipi kiingie na kipi kitoke. Ule wa Windows, kwa kawaida, huzuia miunganisho isiyoalikwa kutoka nje, lakini huruhusu ile inayotoka ndani. Kwa hiyo, programu hasidi iliyokwisha kuingia hupata njia ya kupeleka taarifa nje.

Anayechagua ukuta-moto wa kusimamia miunganisho itokayo azingatie mambo matatu: uitaje programu inayotaka kutoka na mahali inakoelekea, usubiri ruhusa ya mtumiaji, na uhifadhi kanuni zilizowekwa ili zikaguliwe. LuLu kwa kompyuta za Mac na OpenSnitch kwa Linux hufanya hivyo, tena bila malipo. Katika Windows, fundi anaweza kubadili mipangilio ili kuzuia kisichoruhusiwa.

Hata hivyo, mlinzi huyu hafai kitu iwapo mhudumu hubonyeza “ruhusu” bila kusoma. Programu isiyofahamika izuiwe kwanza, kisha fundi aulizwe. Mgonjwa naye asisite kuuliza taarifa zake zinalindwaje.