Dondoo muhimu: Nani akusimamie mtihani wa wadudu?

ESA, chama cha wataalamu wa wadudu cha Marekani, hutoa vyeti viwili vinavyojulikana: ACE kwa mafundi wa kudhibiti wadudu waharibifu, na BCE kwa wenye shahada. Ukihitaji kumtafuta msimamizi wa mtihani mwenyewe, soma kwanza masharti ya sasa ya chama.

Bosi wako muache. Mfanyakazi mwenzako na shemeji yako nao waache, hata wawe waaminifu kiasi gani: kampuni inanufaika na cheti chako, na ndugu hana macho ya haki.

Anzia maktaba ya umma au kituo cha mitihani cha chuo kilicho karibu. Wengi wamezoea kazi hii. Baadhi hutoza ada. Uliza nani hasa atakaa nawe, maana mkutubi anayehudumia wasomaji huku akikuchungulia kupitia kioo si msimamizi wa kutegemewa, na zamu yake ikiisha katikati ya mtihani utabaki na nani? Ijaribu pia kompyuta yao mapema, kwani mitandao ya maktaba hufunga baadhi ya tovuti.

Msimamizi si lazima ajue wadudu. Kwa maoni yangu, asiyeweza kutofautisha kumbikumbi na sisimizi mwenye mabawa anafaa zaidi: hawezi kukudokeza jibu hata kwa nyusi.

Siku yenyewe beba kitambulisho chenye picha, jina lifanane na la kwenye maombi. Na usilipie chumba kabla msimamizi wako hajakubaliwa na chama.