Maharage yanakauka baada ya mahindi

*Msimu uliopita nilipulizia mahindi dawa ya magugu yenye atrazini. Sasa maharage yanachipua vizuri, kisha majani yanakuwa manjano kingoni na kukauka. Je, makaa yatasaidia?*
*Mkulima, Mbozi*

Yanaweza. Atrazini hukaa udongoni kwa miezi, zaidi mvua zikiwa haba, na maharage hayaivumilii. Makaa ya mimea yana vitundu vingi vinavyoinasa. Choma magunzi shimoni, zima kwa maji kabla hayajawa majivu, ponda.

Usikimbilie shamba zima. Panda maharage kwenye makopo mawili ya udongo huo, moja ukilitia makaa. Hilo likistawi peke yake, changanya makaa na samadi iliyooza, uweke kwenye mashimo ya kupandia. Maharage ya makopo yote mawili yakikauka, mwite afisa ugani. Ila makaa hunasa hata dawa mpya ya magugu ya kupulizia ardhini. Kwa hiyo palizi itakuwa ya jembe.