Michirizi Kwenye Video: Somo la Gare du Nord

Mwaka jana nilimsindikiza rafiki yangu Gare du Nord, hapa Brussels, kupanda treni ya uwanja wa ndege wa Zaventem. Alikuwa amemaliza masomo, anarudi nyumbani moja kwa moja. Nikamrekodi kwa kamera yangu mpya, zile za kidijitali zisizo na kioo ndani. Kufika chumbani, lo! Video nzima ina michirizi ya giza inayopita usoni mwake.

Kosa lilikuwa langu. Umeme wa Ubelgiji ni Hz 50, kama wa kwetu, hivyo taa nyingi hufifia mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni, lakini kamera husoma picha mstari kwa mstari, na mistari mingine huangukia kwenye giza. Mimi nilikuwa nimeweka fremu 30 na shata 1/60, mpangilio wa Marekani kwenye Hz 60.

Dawa yake: chagua PAL kwenye menyu, fremu 25, shata 1/50, ili kila mstari upate mwanga sawa. Kwa picha za kawaida, 1/100. Halafu jaribu sekunde 10 na uitazame kabla treni haijafika. Mimi nimeshachelewa, nyie msichelewe.